Kitanda cha Mama Mkwe

"Mukono ya huyu haiyabeba kitu kizito kupita kalamu."

Mama mkwe wangu aliyasema hayo siku ya mahari, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, upande ule wa mpaka, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na hakunong'ona. Wazee walicheka. Mimi pia nilicheka, maana siku ya mahari mwanamume hucheka chochote anachoambiwa. Ningeyasahau mara moja kama yasingekuwa kweli.

Nayataja ili ieleweke kwa nini mtu mwenye shahada ya historia, kiuno kibovu na miaka hamsini na moja, alijikuta mwaka jana amepiga magoti kwenye ua wa nyumba yake hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akiutukana ubao.

Mama mkwe alikuwa anaishi Juru, upande mwingine wa kambi, kwa mwanawe, katika chumba kimoja na wajukuu wanne. Alilala juu ya mkeka. Kila asubuhi ilimchukua muda mrefu kusimama, na mke wangu, aliyekuwa akienda kumtazama kila mwezi, alirudi kila mara na uso uleule. Kwa miaka mitatu alimwomba mama yake ahamie kwetu. Kwa miaka mitatu jibu lilikuwa moja: "Kwa mukwe? Nitalala fasi gani?"

Kwetu jambo hilo si dogo. Mama na mume wa binti yake husalimiana kwa mbali, macho chini. Hapiti mbele ya mlango wa chumba changu, na kitu nilicholalia mimi yeye hakilalii kamwe, hata kama ni jani la mgomba. Wapo waliokwisha kuacha, na mchungaji wetu husema mambo hayo tuliyaacha milimani. Mama mkwe husikiliza mahubiri hayo kwa heshima, anaitikia amina, kisha anaendelea kama kawaida.

Basi, siku alipokubali, mke wangu alikuja mbio kuniambia, ungo wa maharagwe ukiwa bado mkononi.

"Papa, mama amekubali! Anataka chumba ya mulango yake, na kitanda ya mupya. Mupya kabisa, mwenye mutu hayakililalia. Akikuta haiko, anarudia Juru, na hatakuya tena. Unamujua."

Ninamjua. Chumba tulikuwa nacho: stoo ya mahindi na maharagwe, yenye mlango wake unaotazama ua. Kilichokosekana ni kitanda.

"Tuite fundi," mke wangu akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Fundi wa senta, pale madukani, angekimaliza kwa siku mbili. Lakini niliukumbuka ule mkono na ile kalamu, na nikasikia kinywa changu kikisema, "Nitakitengeneza mwenyewe."

Mke wangu alinitazama, akautazama ungo, akarudi kupepeta.

Nilikwenda mjini Mbarara kununua mbao, nikiwa na daftari. Ndani yake nilichora kitanda kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka miguuni, na kila mstari niliuandikia sentimita zake. Nilijivunia mchoro ule. Muuza mbao alikuwa mwanajeshi mstaafu, mpole, mwenye Kiswahili cha kambini. Aliligeuza daftari langu huku na huku.

"Ssebo, bwana, hii ni nini?"

"Sentimita. Mia na themanini kwa mia na ishirini."

"Sentimita ni ya dakitari kupima mutoto. Hapa sisi iko na futi. Wewe nataka kitanda ya sita kwa nne?"

Nilifanya hesabu kichwani. Kila rula niliyowahi kuishika darasani ilikuwa futi moja, sentimita thelathini. Sita mara thelathini, mia na themanini. Nne mara thelathini, mia na ishirini. Sawasawa kabisa.

"Ndiyo, ni kitu kimoja," nikamjibu.

"Si kimoja. Wewe nunua godoro kwanza, pima, halafu kata mbao. Mimi nasema kama mukubwa wako."

Nilimwambia kwamba nimefundisha kwa miaka kumi na sita. Aliniita profesa, akanipakilia mbao kwenye lori lililokuwa linarudi Nakivale bila mzigo, na akanipungia mkono kwa huruma ambayo wakati ule sikuielewa.

Sitayaeleza yote yaliyofuata. Mbao zilikuwa mbichi. Nilizianika ukutani, na baada ya siku nne zilikuwa zimejipinda kama watu wanaochunguliana. Msumeno nilioazimwa na jirani ulikata vizuri mradi tu usimamiwe na jirani. Misumari ilipinda. Niliinyoosha juu ya jiwe, ikapinda upande wa pili. Mguu mmoja ulizidi urefu, nikaukata. Mitatu ikawa imezidi, nikaikata. Ule wa kwanza ukawa umezidi tena. Mke wangu alikuja kuangalia siku ya tatu ya kukata.

"Papa, utaendelea kukata mupaka kikuwe mukeka?"

Nikiwa nimekikasirikia kitanda, nilihamia kwenye kuta. Nilipaka chokaa, na kwa kuwa mama mkwe anapenda buluu, nikapiga mstari wa buluu kuzunguka chumba, usawa wa kiuno. Nilianza upande huu wa mlango, kisha upande ule, ili mistari miwili ikutane ukuta wa nyuma, lakini haikukutana. Mmoja ulifika juu ya mwingine kwa kiganja kizima. Mke wangu alining'iniza pale kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe, chenye maua, akafuma kingine cha dirishani ili kile cha kwanza kisionekane kimewekwa kuficha kitu. Hivyo ndivyo chumba kilivyopambwa. Wageni hukisifu.

Kitanda kikasimama siku ya Jumatano. Mama mkwe alitazamiwa Jumamosi. Alhamisi mchana, mke wangu akiwa kisimani, nilileta godoro kutoka senta, sita kwa nne, nikaliweka ndani ya mbao za pembeni. Halikuingia. Nilichukua kipimo. Godoro lilikuwa na sentimita mia na themanini na tatu. Futi, kumbe, ina thelathini na nusu, na hiyo nusu hujikusanya. Zaidi ya hapo, kwa sababu ya ukataji wangu, kitanda kwa ndani kilikuwa na mia na sabini na saba tu. Godoro lilivimba katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Nililisukuma kwa mikono. Nikashindilia kichwani, likaruka miguuni. Nikashindilia miguuni, likaruka kichwani. Nikapanda juu kwa magoti, likakubali upande mmoja. Nilitambua, kwa akili ile ile iliyohesabu rula, kwamba uzito unatakiwa kila mahali kwa wakati mmoja. Nikalala chali, mikono na miguu nimeitandaza. Godoro lilihema, likashuka, likaingia mahali pake, taratibu, kama mtu anayekubali kosa.

Sikuinuka mara moja. Kitanda hakikulia. Nilikuwa nimekitengeneza mimi. Nilifumba macho kidogo ili nisikilize vizuri jinsi kisivyolia.

Niliposhtuka, mlango ulikuwa umejaa watu wawili. Mke wangu alikuwa na dumu la maji kichwani. Mbele yake alisimama mama mkwe, na fungu lake la nguo mkononi. Waumini wa Juru walipata lori la kuja kwenye mkutano wa maombi Rubondo, naye akaona haina haja ya kungoja Jumamosi.

Nadhani hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kumpokea mama mkwe akiwa amelala chali kwenye kitanda chake yeye mama mkwe, viatu mguuni. Mama alijifunika uso kwa kitenge, akageuka, akauelekea ua.

"Mumuache," akasema. "Amechoka."

Nilitoka dirishani. Sijui kwa nini. Mlango haukuwa na mtu tena.

 Mke wangu alitua dumu, akakaa juu yake.

"Miaka tatu," akasema. "Miaka tatu niko namubembeleza."

Nilieleza habari ya futi. Nilieleza kwamba kwa kweli nililala juu ya godoro, si juu ya kitanda. Nilisema naweza kukibomoa na kukiunga upya. Mama mkwe alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipo, amenipa mgongo, na kwa kuwa heshima haimruhusu kuongea nami, alimjibu binti yake:

"Mwambie hata akikigeuza mulango, alikilalia."

"Papa, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Haukusikia. Anaongea na mimi."

Hukumu ilitolewa kwa njia hiyo hiyo. Usiku huo angelala kwenye mkeka, ndani ya chumba chenye mstari wa buluu. Lori la waumini lingerudi Juru Jumapili baada ya ibada. Kama kufikia saa hiyo kuna kitanda, atakaa. Kama hakuna, lori lina nafasi.

Mbao za Mbarara zilikuwa zimekwisha, nyingi zikiwa zimebaki vipande vifupi tu. Ndani ya nyumba yetu palibaki kitu kimoja tu chenye mbao ndefu, ngumu na zilizonyooka: kabati langu la vitabu, lililotengenezwa na fundi wa kweli, ambalo nimezunguka nalo kila tulipohama. Mke wangu hakulitaja. Alitandika gunia tupu mbele yake, akaingia jikoni.

Ijumaa asubuhi vitabu vilikuwa chini na kabati lilikuwa vipande. Safari hii nilinunua godoro la pili kwanza, nikalilaza uani, na nikakata mbao kulizunguka, kama mshonaji anayempima mteja. Mama mkwe alikaa chini ya paa la jikoni, mgongo kwangu. Hakuona hata pigo moja la nyundo, lakini marehemu mumewe alikuwa seremala, na miaka arobaini ya sauti ile ilikuwa masikioni mwake.

"Mwambie asipige pale. Mbao inalia, itapasuka."

"Papa, mama anasema—"

Ilipasuka.

"Mwambie atoboe kwanza na musumari mudogo."

Nilitoboa kwanza na msumari mdogo.

"Mwambie mukono yake iko karibu sana na kichwa ya nyundo. Anashika nyundo sawa kalamu."

Kwa hiyo hakuwa amesahau. Miaka ishirini na zaidi, vita, mpaka, kambi, na kalamu ile bado ilikuwa pale. Nilisogeza mkono hadi mwisho wa mpini. Msumari uliingia kwa mapigo matatu. Kule kwenye paa la jikoni palikuwa kimya, na kwa siku mbili zote sikupata sifa nyingine.

Jumamosi alasiri kitanda kipya kilisimama chumbani mahali pa kile cha kwanza, bila godoro. Kwa mazoea nikainua mguu nipande nijaribu kama kinabeba. Mke wangu alipiga yowe. Mama mkwe, ambaye hakuwa akiona kitu, alipiga yowe pia, kwa uhakika.

"Gunia! Mwambie anaweka gunia!"

Ndivyo mumewe alivyokuwa akijaribu vitanda vya watu: gunia la maharagwe, siku nzima, kwa sababu maharagwe hayana wakwe. Nilibeba gunia letu kubwa, kiuno kikinilaani, nikalilaza katikati ya kitanda. Likabaki pale.

Jumapili hatukuimba vizuri, mke wangu na mimi. Tulipotoka kanisani lori lilikuwa tayari mbele ya nyumba, waumini wamejaa nyuma, dereva anapiga honi. Mama mkwe aliingia chumbani peke yake, na fungu lake la nguo. Mimi nilisimama uani, mbali kama inavyotakiwa. Kupitia mlango nilimwona akiinama polepole, mkono mgongoni, akichungulia chini ya kitanda mbao moja baada ya nyingine. Akatikisa mguu wa kwanza. Akatikisa wa pili. Ule wa tatu aliutikisa mara mbili, nami nikatazama pembeni, maana ninaujua ule wa tatu.

Dereva akapiga honi.

"Mama, banakungojea," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama mkwe aliweka fungu lake la nguo juu ya gunia. Akautazama ukuta, akakiinua kitambaa cheupe chenye maua, akaona mistari miwili ya buluu isiyokutana, akakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa.

"Mwambie dereva aende," akasema. "Na mwambie huyu mwenye kalamu akuye kutosha maharagwe yake hapa juu ya kitanda. Nataka kulala."

"Papa," mke wangu akaanza, akilia na kucheka, "mama anasema—"

"Nimesikia," nikasema, na siku hiyo hakunibishia.

Vitabu vyangu sasa viko kwenye kitanda cha kwanza, vimelazwa kwa safu, toka kichwani hadi miguuni. Vinatosha sawasawa.