Ndoo Kubwa za Hamissi

Hamissi hajui kufanya jambo dogo. Siku alipopandishwa cheo, kutoka kusafisha ofisi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, huku Ubelgiji, hadi kuwasimamia wasafishaji, alipika mbuzi mzima kwa wageni sita. Wakati huo tulikaa nyumba moja mtaa wa Saint-Gilles, mimi chini, yeye juu na mkewe, watoto, na mama yake Zaituni. Zaituni alilala chumba kimoja na wajukuu. Kila asubuhi alishuka kwangu kunywa chai na kulalamika kuwa naweka sukari nyingi.

Cheo kilipoingia, Hamissi akasema mama yake hawezi kuzeekea chumba cha watoto. Akahamia mtaa wa Evere, fleti kubwa yenye balkoni, na mama akapata chumba chake peke yake. Sote tulimsifu. Mimi nilimsifu huku nimenuna, maana alikuwa ananinyang'anya rafiki.

Huko Evere Zaituni akaacha kula. Daktari hakuona ugonjwa wa kutisha. Mwenyewe alitamani kitu kimoja tu: intore, zile nyanya chungu za kwetu Bujumbura, si hizi za dukani zilizochoka njiani. Mbegu alikuwa nazo, amezifunga kwenye pindo la kitambaa. Hamissi akazipanda kwenye vikombe vya mtindi dirishani, zikaota vizuri.

Nilipowatembelea mwezi wa Aprili nilimwambia ninavyofanya mimi. Mche mchanga uhamie kwenye chungu kidogo kwanza. Mizizi ikianza kuchungulia chini, uupe kikubwa kidogo, na mwisho ndiyo ndoo. Nje usiende kabla ya katikati ya Mei, zipite zile siku za baridi ya mwisho ambazo Wabelgiji huziita za watakatifu wa barafu.

Hamissi akacheka. "Maman Amira, sisi ni Waislamu. Hao watakatifu watatufanya nini? Alors, mama yangu nimupe kitu cha kikombe cha yaourt? Non. Ni aibu."

Akanunua ndoo ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto. Katika kila ndoo akapanda kamche kamoja, urefu wa kidole, akazipanga balkoni na kuzimwagilia kila jioni bila huruma. Mizizi ilikuwa midogo, maji yote yale haikuyaweza. Udongo ukabaki baridi na majimaji, majani yakawa njano. Miche iliyovumilia ikakutwa na baridi ya Mei, na asubuhi ilikuwa imelala kama mchicha uliochemshwa.

Ulibaki mche mmoja tu. Zaituni alikuwa ameuficha nyuma ya pazia chumbani kwake, ndani ya kikombe chake kile kile.

Sasa Hamissi akaogopa hata kuugusa. Juni nilimpigia simu kumuuliza kama ameuhamisha. "Bado, maman. Nitauua." Julai nilikwenda mwenyewe. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya kikombe hadi haina pa kwenda, na mche umedumaa. Nikauhamishia kwenye chungu cha wastani, Zaituni akinitazama kutoka kitandani. Alikuwa amekonda, nikashindwa kumwangalia usoni.

"Amira, mutoto wangu ananipenda sana," alisema. "Lakini mimi nilitaka kula tu." Akavuta shuka hadi kifuani. "Kule kwako chini, bado unaweka sukari kama ya harusi?"

"Bado."

"Leo ningeinywa hiyo chai."

Alifariki mwishoni mwa Agosti. Mche ulikuwa umetoa maua tu.

Siku ya arobaini yake intore zilikuwa tayari, chache, zinajaa kiganja. Wageni walipoondoka Hamissi akazichuma, akazipika mwenyewe kwa kitunguu na mafuta ya mawese. Tangu utotoni hakuweza kuzila, uchungu wake ulimshinda, na mama yake alikuwa akimpakulia sahani ya peke yake bila intore. Sasa alikaa jikoni akazila zote, polepole, bila kukunja uso.

"Maman Amira," alisema, "hata yeye nilimuhamisha vibaya. Kule Saint-Gilles alikuwa muzuri, na watoto, na weye. Mimi nikamupa chumba kikubwa."

Nikachukua sahani yake nikaiosha.