Slabu Niliyoinyima Maji

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo viganja hunilowa jasho hata kama ni baridi ya Julai. Nilikuwa nimesimama chini ya jukwaa la uwanja wa mpira wa chuo, peke yangu, nikisikia miguu ya watu juu ya kichwa changu, na vumbi jembamba la simiti likidondoka kwenye kitambaa nilichojifunga kichwani. Nje mpira ulikuwa ukichezwa na watu wakishangilia.

Uliniuliza uwanja ule ulijengwaje, kwa kuwa sasa unasoma pale na chuo kimekuwa chuo kikuu. Umeliona jiwe la ufunguzi pale mlangoni. Jiwe lile halikudanganyi, ila limeandikwa jina la mgeni aliyekata utepe, basi. Sisi tuliobeba kokoto hatumo. Ngoja nikupe yaliyobaki, na tafadhali usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza tena.

Miaka ile ya sabini tulikaa Mbotela, mtaa wa Nairobi, chumba kimoja, mama yangu na sisi watoto watatu. Uwanja haukuwepo. Palikuwa na nyasi tu nyuma ya chuo, na vijana wa kwetu wakicheza pale na wenzao wa Majengo, goli likiwa mawe mawili. Wanafunzi wa chuo wakitoka darasani walivua viatu wakajiunga nao, na hakuna aliyeuliza nani ni nani. Kisha wakuu wa chuo wakaamua kujenga uwanja wa haja, wenye ua na jukwaa la zege, na vyumba vya kubadilishia nguo chini ya jukwaa. Watu wa mitaani tukajaa langoni kutafuta kibarua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wanawake tulikuwa wachache kwenye mjengo ule, na wanaume walitutania sana siku ya kwanza. Siku ya pili walipoona tunabeba karai kama wao, wakachoka kututania.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Atanasi, mtu wa kutoka magharibi, mrefu, mwenye magoti mabovu na sauti ya chini ambayo ulilazimika kumsogelea ndipo umsikie. Alinipenda kama binti yake. Walipomaliza kumwaga zege la slabu ya juu, ile ambayo watu wangesimama wakitazama mpira, aliniita akanipa kazi ambayo mimi niliiona ndogo. Niinyweshe maji. Tuliitandika magunia slabu nzima, na nilitakiwa kuyalowesha asubuhi, adhuhuri na jioni, wiki mbili mfululizo, bila kuruka hata mara moja. Alinieleza kwamba zege changa likikauka upesi kwa jua huwa gumu juu na bovu ndani, na ubovu huo hauonekani mpaka libebe uzito.

Nilimsikia vizuri. Sitaki udhani sikuelewa.

Lakini jua la Januari lilikuwa kali, na mfereji wa pale kwenye mjengo ulikauka katika wiki ya kwanza. Maji ikabidi niyatoe kwenye tangi la jikoni la chuo, mbali kweli, nipande nayo ngazi ya mbao ndoo baada ya ndoo. Na kulikuwa na jambo jingine, usicheke. Kulikuwa na kijana anaitwa Julius, kipa wa timu ya mtaa wetu, iliyokuwa ikifanya mazoezi upande wa pili wa ua. Nilikuwa nimempenda kupita kiasi. Baadaye niligundua hakuwa hata kipa mzuri, lakini wakati huo ungeniambia nini?

Basi nikaanza kuiba kazi. Nilipanda na ndoo mbili badala ya ishirini, nikalowesha magunia ya ukingoni tu, yale yanayoonekana mtu akiwa chini, kisha nikaenda kwenye ua kumtazama Julius. Magoti ya Mzee Atanasi hayakumruhusu kupanda ile ngazi kila siku. Alisimama chini, akainua uso, akaona magunia yanadondosha maji, akaniuliza, “Ciru, imekunywa?” Nami nikajibu, “Imekunywa, mzee.” Siku nne nilijibu hivyo. Siku nne nzima, katikati ya slabu magunia yalikuwa makavu kama yalivyotoka ghalani.

Siku tulipoyatoa magunia nilitangulia juu peke yangu, nikaona nyufa. Nyingi zilikuwa nyembamba kama nywele, lakini moja ilikuwa imekata slabu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ukucha wangu ulizama ndani yake. Ningeshuka wakati ule ule na kusema, kosa langu lingekuwa la uvivu tu, na uvivu wa msichana unasameheka. Badala yake nilikoroga simiti na maji kwenye kopo, nikazipaka zile nyufa kwa kitambaa mpaka zikapotea. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike, mwanangu. Kulala kazini ni jambo moja, na kupaka simiti juu ya ufa ni jambo jingine kabisa.

Kuanzia hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Siku ya kuondoa nguzo za mbao zilizoishikilia slabu kwa chini, Mzee Atanasi aliwatoa vibarua wote, akaingia mwenyewe na nyundo. Ndivyo alivyofanya katika kila mjengo wake: fundi anayesema zege limeshika awe ndiye anayesimama chini yake nguzo ya mwisho ikitoka. Nilisimama nje nikisikia nyundo ikigonga kabari moja baada ya nyingine. Nguzo ya mwisho ikaanguka, slabu ikabaki juu. Mzee akatoka akijipangusa jasho, akanitabasamia. Nikajidanganya kwamba Mungu amenisamehe na mambo yameisha.

Kumbe slabu isiyo na mtu juu yake ni mzigo mwepesi. Jumamosi ya ufunguzi watu walitoka mitaa yote, Mbotela, Majengo na kwingineko, wanafunzi wakavaa tai, na jukwaa likajaa pomoni. Kwaya ya akina mama wa kanisa letu iliombwa kuimba, na mahali walipopangwa ni pale juu katikati. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Nilipomwona akipanda zile ngazi na kitambaa chake cheupe, nilisogea hadi chini ya ngazi. Nilitaka kumwita. Nikajiambia, nguzo zilitoka na haikuanguka, nyamaza.

Mpira ulianza. Kabla ya mapumziko nikatumwa kuchota maji ya akina mama kwenye vyumba vya chini, na hapo ndipo vumbi liliponidondokea. Niliinua macho. Ule ufa niliouficha juu ulikuwa umetokeza chini, mrefu, umenyooka, na kila watu walipopiga miguu kipande kidogo cha zege kilichomoka na kuanguka sakafuni. Juu yangu hasa nilisikia kwaya inaanza wimbo. Unawajua akina mama wa kwetu wakiimba, hawasimami tu kama vijiti. Walicheza, wakakanyaga kwa pamoja, na sauti ya mama yangu ikiwaongoza.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa hadi nikasahau jinsi ya kutembea. Mlango ulikuwa wazi hatua chache mbele yangu, na sikuona hata aibu kufikiria kukimbia moja kwa moja hadi nyumbani. Sijui nilitokaje pale. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta mbele ya Mzee Atanasi, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na koti lake la kanisani, nikapiga magoti nikamwambia yote sikioni, magunia, simiti ya kopo, na ufa.

Hakunigombeza. Uso wake ulibadilika rangi, akaniuliza swali moja tu.

“Siku ngapi?”

“Nne, mzee.”

Alifumba macho kidogo. Kisha akasimama na kunishika mkono kwa nguvu. “Sasa tembea polepole. Ukikimbia watauliza kuna nini, na wakisikia watakimbia wote kwa pamoja, na hapo ndipo itaanguka.”

Alipita kwa mwalimu wa michezo, akamnong'oneza. Nilimwona yule mwalimu akishika mkono wa kiti, kisha akaenda kwenye kipaza sauti kama mtu anayekwenda kunywa chai. Akatangaza kwamba mgeni rasmi angependa kuisalimia kwaya uwanjani wakati wa mapumziko, na kwamba wote walio jukwaani washuke kwa ngazi za pande zote mbili, taratibu, wakae kwenye nyasi wapige picha na timu. Watu wakafurahi. Walifurahi mno, wakapiga miguu.

Wakati wanashuka, sisi tulikuwa tukiingia. Mzee Atanasi alisema aliyeinyima maji aingie naye, na sikumpinga. Nguzo za mbao zilikuwa bado zimelazwa ukutani. Tuliinua ya kwanza tukaisimamisha chini ya ufa, mimi nikiikumbatia, yeye akipiga kabari chini yake kidogo kidogo ili asitikise kitu. Tukasimamisha ya pili. Juu tulisikia kwaya ikishuka ikiimba, maana nani angewazuia, na kila walipokanyaga nilihisi nguzo ikisukuma kifua changu. Tulipokuwa kwenye ya tatu, bamba la zege kubwa kama sinia likaanguka nyuma yangu likapasuka. Nikapiga yowe. Mzee akaniambia nishike nguzo, nisitazame nyuma. Nilishika. Nilikuwa nikiita mama kimoyomoyo kama mtoto, na mama yuko juu yangu anacheza.

Kisha miguu ikapungua. Ikabaki ya mtu mmoja mmoja, halafu kimya. Tulitoka nje kwenye jua, nami nikaketi kando ya ukuta. Mama yangu alikuwa uwanjani amesimama na mgeni rasmi, akitabasamu kwenye picha. Watu waliambiwa watazame kipindi cha pili kutoka kwenye nyasi, wakanung'unika kidogo, wakakaa. Katika umati ule hakuna aliyejua walivyoponea. Hadi leo walio hai hawajui.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, na mimi kwa miaka mingi nilipenda iishie hapo. Lakini Jumatatu tuliitwa wote. Mwenye kandarasi alikuja na mhandisi, wakagonga slabu, wakaivunja kipande, kikamomonyoka mkononi. Mhandisi akauliza ni nani aliyekuwa na kazi ya maji. Vibarua wote walijua ni mimi, wakatazama chini. Mzee Atanasi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinipa nafasi, tena ndefu, nami nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Basi akasema, “Kazi ilikuwa mikononi mwangu. Sikupanda kuikagua. Kosa ni langu.”

Alifukuzwa palepale. Walimwambia hatashika mjengo wowote wa kampuni ile tena. Alikusanya pimamaji, nyundo na mwiko, akavifunga kwenye gunia, akapita mbele yangu akielekea langoni. Nilikuwa na hatua kumi za kumfuata. Sikuzipiga. Slabu ikavunjwa, ikamwagwa nyingine na fundi mwingine, na hiyo ndiyo mnayoikalia ninyi leo mkitazama mpira. Ni imara, usiwe na wasiwasi. Mimi ndiye niliyeinywesha, ndoo baada ya ndoo, nikilia.

Baada ya miaka michache, mtu wa kwao aliyehamia mtaani kwetu aliniambia Mzee Atanasi alirudi nyumbani akawa analima, hakujenga tena, na kwamba alifariki akijulikana kijijini kama fundi aliyefukuzwa Nairobi kwa kazi mbovu. Niliingia ndani nikafunga mlango. Mtu aliyeokoa jukwaa zima la watu, na mama yangu miongoni mwao, alizikwa na aibu yangu mimi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema hili mbele ya mtu.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Utakosea kazini, hilo halina ubishi. Ukikosea, sema siku ile ile, wakati kosa bado ni la ndoo ya maji, kabla halijawa la roho za watu. Usipake simiti juu ya ufa wowote, uwe wa zege au wa nyumba yako. Na ukisema, usiseme nusu. Mimi nilimnong'oneza mtu mmoja nikadhani nimetubu, kumbe niliogopa kusema mbele ya wale ambao neno langu lingemwokoa. Hofu ya chini ya jukwaa ilidumu muda mfupi. Hofu ya Jumatatu ile nimeishi nayo hadi nimezeeka.

Mungu akulinde popote utakapofanya kazi, akupe magoti yasiyokimbia na kinywa kisichokauka ukiulizwa. Akukutanishe na mtu kama Mzee Atanasi. Na siku mtu huyo atakapofungua mdomo abebe lililo lako, mwanangu, Mungu akupe nguvu ya kumtangulia.