Bafta ya Mama Madirishani

Nyumba yetu ya Mbwawa ilikuwa na madirisha matatu na mlango wa mbele, na kwa miaka miwili ya mwanzo vyote vilikuwa wazi kama macho ya samaki. Mimi nilizaliwa Mombasa, katika nyumba ambayo hata jiko lilikuwa na pazia, kwa hiyo sikuweza kuzoea. Nikikaa sebuleni kula, mpita njia anasogea dirishani kunisalimu, na anabaki hapo akitazama tonge linavyoshuka. Wenyewe waliona huo ndio ujirani. Mimi niliona nimeolewa barazani.

Mume wangu alikuwa bwana shamba. Kwao ni Msimbu, upande wa Kisarawe, lakini kazi ilimleta Kibaha, akapata kiwanja, akajenga nyumba ya matofali ya udongo na kuiezeka bati. Siku aliyonileta aliniongoza chumba kwa chumba, anasubiri niseme neno. Niliangalia kuta zisizopakwa kitu na sakafu iliyokwisha kupasuka, nikasema, "Nzuri." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kuhusu nyumba ile, na baadaye nikaongeza mingine.

Nilianza kazi mwenyewe. Chokaa niliichanganya kwa mikono, nikapanda juu ya stuli, nikapaka kuta zote ndani na nje. Jirani mmoja alinikuta nimeenea nyeupe mpaka kwenye kope, akaniambia, "Wifi, leo umekuwa mzungu kabisa, naogopa hata kukuomba chumvi." Nilidarizi vitambaa vya viti. Nilipanda mwasumini chini ya dirisha la chumba chetu, mbuzi wakaula, nikapanda mwingine. Nilikuwa na ukali wa ujana, na nilitaka mtu akipita aseme hapa pana mwanamke wa Mombasa.

Lakini mtu niliyetaka aseme hivyo alikuwa mmoja tu. Mama yangu hakupenda niolewe mbali. Alisema, "Waenda nchi ya watu kulala porini." Mimi ni binti yake mkubwa, na nilimwahidi kwamba siku atakayokuja atakuta nyumba, si pori. Kila barua niliyomwandikia, mdogo wangu akimsomea, ilikuwa ya kuta na viti na sakafu. Katika mojawapo nililalamika kwamba madirisha bado yako uchi.

Baada ya miezi kadhaa akaja msafiri kutoka Mombasa na furushi. Ndani mlikuwa na yadi ishirini za bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Msafiri alisema, "Mama amesema uitunze vizuri hapa kwako, mwenyewe atakuja kuikuta." Nililia kwa furaha. Nilipima siku hiyohiyo: yadi tano kila dirisha, yadi tano mlangoni, mapande marefu yanayoburuta sakafuni kama ya majumba ya matajiri. Nilipinda kingo, na chini nikadarizi maua ya uzi wa buluu, jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikaota sugu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshahamia kwetu. Watu wa upande wake kule Kisarawe walikuwa wamehamishwa kupelekwa kijiji kipya kando ya barabara, na yeye akasema hana nguvu za kukandika nyumba nyingine uzeeni. Alikaa kwetu kimya, mtu wa mkeka wake na tasbihi yake. Siku nilipomaliza kutundika mapazia alisimama mlangoni akiyatazama.

"Mkwe wangu," alisema, "bafta nyeupe namna hii huku kwetu haitundikwi."

"Kwa nini, mama?"

"Unajua mwenyewe nguo ya nani."

Nilijua, nani hajui kwamba sanda hukatwa kwenye bafta? Lakini kanzu pia hukatwa humo, na foronya, na nepi za watoto. Nilimjibu kwa adabu ya mdomoni kwamba kwetu mjini kitambaa ni kitambaa. Moyoni nilisema, wacha ushamba wako. Akarudi mkekani. Sikufikiri tena jambo lile, na kusema kweli yale mapazia yalipendeza. Upepo ukivuma yalijaa na kushuka, na wapita njia wakawa wanasalimia kutoka mbali.

Mwaka uliofuata mpaka ukafungwa.

Wakubwa waligombana, na sisi tukaambiwa barabara ya Mombasa haipitiki tena. Mabwana waliokuja kunywa chai na mume wangu walinitania, "Shemeji, manyang'au wenzako wamekutupa huku kwetu." Nilicheka nao. Kisha nilikwenda jikoni nikaegemea ukuta. Barua zilipita, ingawa zilichukua muda mrefu. Katika kila barua mdogo wangu aliandika mwishoni: "Mama auliza, ile bafta i salama?" Nami nilijibu kwa majivuno kwamba iko salama, naifua mwenyewe na kuipiga pasi.

Kisha vikaja vita, na baada ya vita vitu vikaadimika. Tulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano, tukasahau sembe. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na mapazia yangu yakaanza kuwa na rangi ya maziwa. Duka la kijiji lilifunguliwa siku lilipopata kitu, na siku nyingi halikupata. Khanga zikija, zinakuja tatu kwa kijiji kizima, na watu wanapiga kura.

Hapo ndipo alipofariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikaona wazee wanne wanakuja pamoja na mume wangu, wameshika kofia mkononi. Shehe wa msikiti wetu alisema, "Mama, tumezunguka mpaka Mlandizi. Hakuna hata kipande." Akatazama chini. Hakutazama dirishani. Aliyetazama dirishani ni mimi.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Maiti yuko ndani, jua linapanda, watoto wake wanasubiri. Nilisema, "Chukueni la sebuleni." Shehe akanieleza kwamba kwa dhiki kama ile nguo moja inayofunika mwili wote inatosha, na mapande mawili ya yadi mbili na nusu yakilazwa pamoja yanamfunika mtu mzima. Nilikuwa nimekata sanda kwa kipimo kamili bila kujua.

Sanda haishonwi, kwa hiyo ilibidi kingo zifumuliwe. Tulikaa mkekani mimi, mama mkwe na majirani wawili, tukafumua maua yangu ya buluu kwa ncha za sindano. Kazi ya wiki tatu ilikwisha kabla ya adhuhuri. Matundu ya sindano yalibaki, mtu akitazama kwa karibu anayaona.

La chumba cha mama mkwe liliondoka kabla ya mwaka kwisha, na mama mmoja aliyefariki kwa uzazi. La chumbani kwetu lilikwenda na kijana aliyepinduka na trekta kule Kwala. Kila mara walikuja vilevile, wamevua kofia, na kila mara niliwaambia chukueni kabla hawajamaliza salamu. Watu waliniombea dua. Walisema nyumba ile ina baraka. Lakini mimi niliwachukia, nasema ukweli wangu, niliwachukia kwa kuniombea dua, kwa sababu nilikuwa naivua nyumba yangu nguo moja moja na sina uwezo wa kusema hapana. Pazia la mlango lilikwenda mwisho, na mwalimu wa madrasa. Jioni yake nilikaa sebuleni na upepo ukaingia na vumbi moja kwa moja.

Wiki ileile ikafika barua. Mama auliza, ile bafta i salama?

Nilichukua kalamu. Ningemwambiaje kwamba zawadi yake nimeigawa? Angeona sikuithamini, au angeona tumefukarika mpaka tunaombana nguo za madirishani, na yote mawili yangempa haki kwamba nilikwenda porini. Niliandika, "Iko salama, mama. Njoo uione." Niliandika hivyo barua hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata.

Mpaka ulipofunguliwa, mama alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda basi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea, amekuwa mdogo wa mwili, anapumua kwa kifua kizima. Nilikuwa nimepaka chokaa upya na kusugua sakafu. Alizunguka chumba kwa chumba akishika kuta, na mama mkwe nyuma yake. Akaketi, akasema, "Mashallah. Nyumba nzuri, mwanangu."

Maneno hayo niliyasubiri zaidi ya miaka kumi. Yalinilegeza nikaona sasa naweza kusema kweli.

"Mama, nisamehe kuhusu mapazia."

"Mapazia gani?"

"Ile bafta yako. Nilikuwa nimeitundika vizuri, mama, na maua chini. Halafu kukawa na dhiki."

Alinitazama kama asiyeelewa Kiswahili changu. "Ile bafta uliitia dirishani?"

Ndipo akanieleza, polepole, bila hasira, na afadhali angenipiga. Bafta ile ilichovywa katika maji ya Zamzam aliyoletewa na jirani aliyetoka kuhiji. Aliinunua kwa kuuza kipini chake cha puani. Ilikuwa sanda yake, ya nguo tano kama ilivyo sunna kwa mwanamke, na kwa wazee wetu, jambo nililokuwa sijaambiwa, sanda ya mama huwekwa kwa binti mkubwa. Aliambiwa na mdogo wangu kwamba iko salama, kila mwaka, kwa hiyo hakununua nyingine. Mombasa bafta ilijaa madukani.

"Nimekuja kuifuata," alisema. "Kifua hiki hakinipeleki mbali."

Nilimwambia nitaandika Mombasa leo hii, ataletewa nyingine, bora zaidi. Alisema, "Haya." Aliuliza ilizika watu wangapi. Nikasema wanne. Aliuliza walikuwa watu gani, nikamweleza mmoja mmoja, akawaombea rehema mmoja mmoja, na baada ya hapo hakuizungumza tena. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake na hakuinua uso.

Barua niliandika. Bafta nyingine haikuwahi kufika. Siku ya kumi na moja mama alishikwa na homa, kifua kikaziba, na alfajiri ya siku ya kumi na tatu alifariki kitandani kwangu, mkono wake umeshika kanzu yangu.

Mume wangu alipanda baiskeli akaenda Mlandizi, akapata lifti mpaka Dar es Salaam, akarudi saa saba mchana na mikono mitupu. Wazee wale walikuja wakakaa uwanjani. Hawakuwa na pa kwenda kuomba, kwani nyumba waliyozoea kuiendea ndiyo hii. Nilipita kati ya madirisha yangu matatu, nikayatazama moja moja.

Mama mkwe aliniita chumbani kwake. Alikuwa amefungua mto wake wa kulalia, akatoa ndani ya pamba kifurushi cha bafta, kizee, kimegeuka manjano kwenye mikunjo. Ilikuwa yake. Alitoka nayo Msimbu siku walipohamishwa, na kwa miaka yote hiyo alilaza kichwa juu yake. Mapazia yangu yalipokuwa yanaondoka moja moja, yeye alikaa pale anafumua uzi nami, na hakusema kwamba anayo.

Hasira ilinipanda kichwani. Nilitaka kumwambia, ulikuwa nayo! Lakini nilikuwa na maiti ya mama yangu chumba cha pili.

"Mwenzangu amekuja kwa safari ndefu," alisema. "Mimi niko nyumbani, nitangoja duka."

Mama yangu akazikwa Mbwawa kwa nguo tano kamili. Kaburi lake liko hapo mpaka leo.

Duka halikuleta bafta mwaka ule. Mdogo wangu alituma kutoka Mombasa, kifurushi kikapotea njiani, sijui mikononi mwa nani. Baada ya masika mama mkwe alianguka uani akichota maji, hakuamka. Wazee walikuja wakakaa uwanjani, kofia mkononi, na safari hii sikuwa na pazia, wala mto wa kufungua. Tulimvika shuka ya kitandani kwetu. Ilikuwa fupi, na miguuni tukaongeza leso yangu kuukuu ya kujifunga.