Viboksi Vitupu

Mkuu wetu wa shule wa zamani akiona nafasi tupu kwenye daftari la tathmini alikuwa na swali moja tu: "Huyu mtoto yuko wapi?" Kama hujui, mnapanda pikipiki pamoja hadi kwao. Tulimnung'unikia sana, hasa jua la Kakuma likiwa utosini.

Huyu mpya aliletwa kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, kuja kunyoosha mambo ya mtaala mpya. Sauti yake haikupanda hata siku moja. Kila Ijumaa alibandika ukutani karatasi ya alama za miradi, kila kiboksi kitupu amekipaka rangi nyekundu, kisha anasimama kando yake, kimya, mpaka mwalimu mwenye kiboksi ajitaje. Mwenzangu mmoja, mkimbizi wa Sudan Kusini, hodari kutuzidi sote, alijitaja mara mbili. Mara ya tatu alifutwa kazi. Tangu hapo hakuna aliyeacha kiboksi wazi, na sifa zikafika Lodwar kwamba tunachapa kazi.

Mimi nami nilijaza. Msichana mmoja wa gredi ya saba, aliyekaa kwa shangazi yake, alikosekana darasani siku tatu, halafu wiki, halafu wiki ya pili. Mradi ulikuwa kusuka kikapu. Nilimwandikia alama ya juu kabisa: anazidi matarajio. Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Ripoti zikatumwa kwa wazazi kwa simu.

Wiki ya tatu mama yake akafika kutoka Lokichar, na kibuyu cha maziwa ya kumpongeza binti yake. Alipitia kwanza kwa shangazi. Shangazi akashangaa, yeye alidhani mtoto alikwenda kwa mama yake. Mama akaja mbio shuleni, simu mkononi.

"Ejok, mwalimu," alimsalimu mkuu kwa Kiturkana. "Mtoto yangu iko wapi?"

Mkuu alifungua daftari. "Tulia, mama. Wiki iliyopita alikuwa hapa. Mwalimu wake alimpima mwenyewe." Akanigeukia kwa upole wake ule ule. "Si ndiyo, mwalimu?"

Niliogopa. Niliwaza kazi yangu kabla ya kumwaza mtoto, wacha niseme ukweli.

"Ndiyo," nikajibu.

Mama akashusha pumzi. Akanishika mkono, akanishukuru, kisha akaenda kuketi mlangoni pa gredi ya saba, amsubiri binti yake atoke.