Hadija na Kitabu cha Mwezi wa Nne

Usiku ule nililala na kitabu kifuani, kimefungwa, kama nilivyokuwa nikilala tangu shoga yangu Hadija afariki. Msinicheke. Mwingine hulala na tasbihi, mwingine na simu ya mumewe. Mimi na kitabu cha mwezi wa nne.

Ngojeni niwaeleze. Kila Januari mimi na Hadija tulikuwa tukienda kwenye duka la vitabu la Mzee Kassim, hapa hapa Morogoro, kaduka kembamba kati ya fundi viatu na duka la dawa. Mbele ameweka madaftari na kalamu, maana ndivyo vinavyomlisha. Riwaya ziko nyuma, na huko nyuma ndiko tulikokuwa tukikaa sakafuni tangu asubuhi, tukichagua vitabu vya mwaka mzima, kimoja kwa kila mwezi, kila mtu na nakala yake. Na kubishana huko! Mzee Kassim alituletea kahawa akatuuliza kama ndiyo tumehamia. Tungeweza kusoma bure kwenye simu kama wenzetu, lakini Hadija alikuwa akisema kitabu usichokinusa dukani hakijawa chako. Sharti la mpango wetu lilikuwa moja tu: hakuna kumwacha mwenzio nyuma. Ukimaliza kabla yake unamsubiri, hata akiuguliwa, hata akiolewa, ndipo mnafungua kinachofuata pamoja.

Mwezi wa nne Hadija akaugua, akalazwa, akafa. Kitabu tulikuwa tumekifikisha katikati, sote wawili. Basi mimi nikamsubiri. Najua, upumbavu. Lakini mwaka ulikuwa unakwisha na mimi bado nasubiri, na si kitabu tu kilichosimama. Nilikuwa sioni hata sababu ya kuamka. Mama, ambaye naishi naye, alikuwa ameliona hilo. Jioni ile tukichambua mchicha aliniambia bila kuniangalia:

"Marehemu akikujia ndotoni akakupa kitu, pokea. Akikuomba kitu, usimpe. Ukimpa, umekwenda naye."

"Mama nawe na mambo yako," nikamjibu.

Basi nimo dukani. Nimefikaje, sijui. Ni mchana, nje jua linawaka, lakini ndani rafu zimekuwa ndefu kuliko ninavyozijua, hazina mwisho. Mzee Kassim anafunga madirisha, moja baada ya jingine. Namwita, hageuki. Kila dirisha analofunga, mwanga unapungua.

Nikageuka, Hadija huyu hapa. Amekaa sakafuni mahali pake, miguu ameinyoosha, amevaa dera lake la kijani. Hakukonda, hakuwa mgonjwa. Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nikaogopa kumgusa. Ya Rabi! Shoga yangu mwenyewe, tuliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima, namwogopa.

"Nipe kitabu," akasema.

Nikatazama mkononi, kimo. Maneno ya mama yakanijia. Nikakificha nyuma ya mgongo.

"Chako kiko wapi?"

"Mlinizika na sanda tu."

Nikaanza kumbembeleza kama mtu anayembembeleza mdai. Nitakusomea, nikamwambia, wewe kaa hapo hapo, mimi nisome. Nikakaa mbali naye kidogo, nikafungua pale tulipoishia, nikasoma mistari iliyobaki chini ya ukurasa. Nikafunua. Mweupe. Nikafunua mwingine. Mweupe, hata nukta hamna. Leo hii naelewa: ningeota vipi maneno ambayo sijayasoma? Lakini mle ndani nilichoelewa ni kwamba nimemharibia Hadija kitabu chake.

"Soma," akasema.

"Hamna kitu, Hadija. Sijafika huko."

Uso wake ukabadilika. Nimemjua Hadija tangu darasa la kwanza na hasira zake nazijua: hapandishi sauti, pua tu ndizo zinazotanuka. Akasimama. Madirisha yote yamekwisha kufungwa, umebaki mlango, na Mzee Kassim ameushika, anangoja. Hakuna aliyeniambia, lakini ninajua. Nikitaka kutoka, ni sasa. Nisipotoka, nabaki humu na Hadija.

Nikaiwaza nyumba yetu. Nikakiwaza kitanda changu, na asubuhi nyingine kama ya jana na ya juzi. Haki ya Mungu, nilichoka. Nilichoka mpaka woga wenyewe ukanitoka. Nikamnyooshea kitabu kwa mikono miwili.

"Chukua," nikamwambia. "Twende wote."

Hadija akarudi nyuma. Mikono akaificha mgongoni.

"Sikitaki," akasema. "Mimi nilikatishwa. Wewe umekatishwa na nani?"

Kitabu bado nimemnyooshea. Ananisogelea, ananisukuma kifuani, msukumo wa nguvu, wa hasira, napepesuka napita mlangoni kinyumenyume na jua linanipiga machoni.

Nilikuwa nimekaa kitandani, nimelowa jasho, na mama amesimama mlangoni na taa ameiwasha. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeanza.

"Ulikuwa unapiga kelele," alisema. "Ni Hadija?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Amekuomba kitu?"

"Kitabu."

Mama akashika ukuta. "Hukumpa," akasema. "Mwanangu, niambie hukumpa."

"Nilimpa, mama. Yeye ndiye aliyekataa."

Akauachia ukuta. Kisha akaja akakaa kitandani, akanivuta kwake kwa nguvu hata shingo ikaniuma, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani. "Mungu amrehemu," alikuwa akisema, "Mungu amrehemu mtoto yule, Mungu amrehemu." Nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Alipokwenda kutawadha nilikiokota kitabu sakafuni. Ukurasa unaofuata pale tulipoishia niliufunua kwa woga. Maneno yalikuwepo, yamejaa juu mpaka chini. Nikayasoma, nikafunua mwingine.