Bwana Rudia wa Banda la Saba

Saa nne asubuhi madirisha yalitikisika. Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nikasema moyoni, hao ni watu wa machimbo wanapasua mawe, nikaendelea na kola. Saa saba kasoro wanajeshi wawili, mmoja mwanamke, walisimama mlangoni mwa chumba changu cha cherehani. Walivua kofia kabla sijawakaribisha.

"Wewe ni mdogo wake fundi wa Banda la Saba?" aliuliza yule mwanamke.

"Ndiyo."

"Kaa kwanza, dada."

Sikukaa. Mtu anayekuambia ukae kwanza amekwisha kukuambia. Nilichomoa pasi kwenye umeme, nikalikunja lile gauni, nikawauliza kama mama ameshaambiwa.

Kaka yangu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na tisa kati ya hiyo aliimaliza katika ghala la silaha nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kufungua makombora ya zamani: kutoa kile kichwa kinacholipua, kisha baruti, hadi kibaki chuma tupu. Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili. Mmoja alisimama nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga akiwa na kitabu, akasoma hatua moja kwa sauti. Aliyekuwa mezani aliirudia yote, neno kwa neno, mikono ikiwa imetulia. Msomaji akiridhika alisema, "Fanya." Hapo ndipo mikono iliposogea. Neno moja likikosewa, walianza upya.

Kaka ndiye aliyekaa mezani, akaitwa Bwana Rudia. Msomaji wake kwa miaka kumi na minne alikuwa mwanajeshi mrefu mwenye sauti nzito, ambaye wote tulimwita Kipaza.

Tabia hiyo ilimfuata hadi nyumbani. Wifi yangu akimtuma dukani, kaka husimama mlangoni: "Chumvi paketi moja, kiberiti, sabuni ya kipande."

"Fanya, baba, maharage yanaungua!"

Siku ya harusi yao alirudia kiapo bila kukosa hata neno, kisha akanyamaza na pete mkononi, akimtazama mchungaji. Kanisa zima likangoja. Kipaza, aliyekuwa msimamizi wake, akamnong'oneza, "Fanya." Mama alicheka hadi akalia.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la pili. Kaka ndiye aliyenisimamia hadi nikamaliza kidato cha nne. Kila jioni alinisomea sentensi nami nikairudia. Jumapili alisoma masomo kanisani, na hata vikongwe wenye masikio mazito walimsikia.

Miaka mitatu iliyopita serikali yetu ilitia saini mkataba wa ushirikiano na ule muungano wa kijeshi ambao nchi yetu inatamani kuwa mwanachama wake. Redioni tulisikia maneno makubwa, viwango, hatua, maandalizi. Kwa kaka maana yake ilikuwa mabanda saba ya makombora ya kufunguliwa. Muungano ulitaka makombora yote yaliyochakaa yaondolewe, kwa kuwa yalikaa karibu na makazi ya watu, tena hayakuingia kwenye mizinga mipya. Kaka alifurahi.

"Hata wasipotuchukua, mdogo wangu," aliniambia, "yale madude yatakuwa yameondoka. Na banda la saba likiisha, mimi nastaafu."

Wakufunzi wa muungano walikuja kuwatazama wakifanya kazi. Utaratibu wa kusoma na kurudia waliusifu, wakauandika kwenye madaftari yao. Siandiki haya kuwalaumu wageni.

Wageni wakubwa walitarajiwa Ijumaa, kuja kulikagua ghala na kuthibitisha kwamba liko tupu. Ziara ikaharakishwa, ikawa Jumanne, siku tatu kabla. Jumapili, baada ya ibada, kaka alikula kidogo sana.

"Yamebaki mangapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tisa. Kwa siku mbili yanawezekana. Tusikimbizwe tu."

Jumanne ndiyo siku madirisha yalipotikisika.

Siku ya pili ililetwa barua ya jeshi. Ilisema marehemu alifanya kazi peke yake, kwa uamuzi wake mwenyewe, kinyume cha utaratibu. Pamoja nayo kulikuwa na wasifu wa ukurasa mmoja ili usomwe kaburini, na sentensi hiyo imo. Wifi aliisoma, akaiweka juu ya meza, akaifunika kwa sahani.

"Mtu aliyerudia chumvi na kiberiti," alisema mama, "aingie peke yake kwa kombora? Mwanangu wanamzika mara mbili."

Nilikwenda kwa Kipaza. Nilimkuta ameketi kitandani na sare ya gwaride, ile ya vifungo vinavyong'aa, hajaivua tangu jana. Aliniambia yote bila kuniangalia. Asubuhi ile mkuu wa ghala alihitaji mtu mrefu mwenye sauti wa kuongoza gwaride la wageni, akamchukua yeye. Makombora yalibaki matatu.

"Kaka yako akauliza, 'Nani atanisomea, afande?' Mkuu akamjibu, 'Si wewe ni msomaji wa kanisani? Jisomee.' Watu wakacheka." Alikuna goti lake. "Na mimi nilicheka, dada."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nina watoto wanne. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

Sikumlazimisha. Nilimwambia mazishi ni Alhamisi saa nane, nikaondoka. Njiani nilijaribu kumwombea yule mkuu wa ghala, sikuweza. Hadi leo namwambia Mungu, Unamjua, mshughulikie Wewe. Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba wageni wameridhika na nchi yetu imevuka hatua.

Alhamisi jeneza lilikuja limefungwa, na tuliombwa tusilifungue. Ofisa mmoja alisoma wasifu ule wa jeshi. Alipofika kwenye sentensi ile aliisoma harakaharaka, lakini wote waliisikia. Mkuu wa ghala alisimama karibu naye, mikono nyuma. Binti wa kaka alinishika mkono akaniuliza, "Shangazi, baba alikosea?"

Kabla sijamjibu, Kipaza alitoka kwenye mstari wa wanajeshi. Hakuomba ruhusa. Alisimama kichwani mwa kaburi, akavua kofia, akasema kwa sauti ile ya bandani, "Nilikuwa msomaji wake. Siku ile niliondolewa kwa amri. Naye aliamriwa aendelee. Hakuchagua kuwa peke yake."

Mkuu wa ghala alimwita kwa cheo chake, mara moja tu. Kipaza hakugeuka.

Mama, aliyekuwa amekaa kitini, akarudia, "Hakuchagua kuwa peke yake."

Wifi akarudia, kisha binti, kisha watu wote wa kanisa letu, neno kwa neno. Palipotulia, Kipaza aliwatazama wale wanaume wanne walioshika kamba.

"Fanya," alisema.

Wakalishusha jeneza. Lilikuwa jepesi, halikuwapa taabu. Mchungaji aliomba, tukaitikia amina. Mama alitia udongo wa kwanza, wakafuata wifi, binti na mimi. Kipaza alichukua koleo na hakulitoa mkononi hadi kaburi lilipojaa. Saa tisa na nusu tulikuwa tumemaliza, tukamshika mama mikono, tukarudi nyumbani kwa miguu.