Sauti Chini ya Kitenge

Juzi, kwenye simu, nilimwona mwimbaji mmoja wa muziki wa soul jukwaani, kichwa chote mvi. Sauti yake ilinirudisha utotoni, mtaani kwetu Panda, alasiri ile ya matanga ya mama.

Shangazi alikuwa ameifunika televisheni kwa kitenge cha mama, ambacho bado kilinukia moshi na sabuni. Umeme ukarudi ghafla. Kitenge kikang'aa kwa ndani, na chini yake mwanamke akaanza kuimba taratibu.

"Mama iko mule ndani!" nilipiga kelele.

Shangazi hakucheka. Alipiga magoti.

"Usifunue, mutoto," alinong'ona. "Umuache amalize."

Leo najua aliyeimba chini ya kitenge alikuwa mwimbaji huyu huyu. Hata hivyo, juzi niliufunika uso wake kwenye simu kwa kiganja, nikamwacha amalize.